Wafu Hawadai Ardhi: Walowezi wa Kwanza katika Masimulizi ya Kale ya Ireland

Hotuba hii inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani haimo.

Wazee wetu, shikamooni. Mabibi na mabwana, na nyinyi wanafunzi mliojaa huko nyuma, hamjambo?

Fungueni Kitabu cha Mwanzo, sura ya 10. Hapo yametajwa mataifa yaliyotoka kwa wana watatu wa Nuhu baada ya Gharika. Misri imo. Kushi imo. Ashuru imo, Kanaani imo, Yavani imo. Ireland iko wapi? Haimo. Isome sura yote, jina baada ya jina, hutaikuta.

Sasa jiwekeni mahali pa mtawa wa Ireland wa karne ya 8. Anajua Kilatini, anayajua Maandiko, na anaamini kwa moyo wote kwamba kila binadamu ni mzao wa Nuhu. Nje ya monasteri yake kuna watu, kuna ng'ombe, kuna wafalme wanaogombea mipaka, kuna mito yenye majina ambayo hakuna anayekumbuka yalianza lini. Watu hawa walitoka wapi? Walifika mwaka gani? Na kabla yao, nani alikuwa hapa?

Vizazi vya watawa na washairi vilihangaika na maswali hayo. Jibu lao lilikusanywa katika karne ya 11 ndani ya kitabu kinachoitwa Lebor Gabála Érenn, yaani Kitabu cha Kutwaliwa kwa Ireland. Nakala yake moja ya kale imo ndani ya Kitabu cha Leinster, mswada wa karne ya 12. Kinasimulia kwamba nchi ilitwaliwa mara 6: kwanza Cessair, kisha Partholón, kisha Nemed, kisha Fir Bolg, kisha Tuatha Dé Danann, na mwisho wana wa Míl, ambao ndio Wagaeli, mababu wa Waayalandi wenyewe.

Wengi wakisikia habari hizi hukimbilia kwa Tuatha Dé Danann, miungu ya kale waliofika ndani ya mawingu meusi. Mimi leo nawaomba mbaki nami kwa wale watatu wa mwanzo, wanaosahauliwa. Na nawaomba mtazame jambo moja tu kila tunapofika: nani anakufa bila mzao, na nani anaachiwa mzao? Nani anafutwa kabisa, na nani anabaki? Waandishi wa kitabu hiki hawakumwua mtu bure.

Lakini kwanza, kazi ilifanywaje?

Mwanzoni mwa karne ya 4, Askofu Eusebius wa Kaisaria alitengeneza majedwali ya historia ya dunia. Aliyapanga kwa safu: safu ya Waebrania, safu ya Waashuri, safu ya Wamisri, safu ya Wagiriki, zote zikishuka pamoja mwaka kwa mwaka, ili msomaji aone nani alitawala Ninawi wakati Ibrahimu yuko hai. Jerome akayatafsiri kwa Kilatini na kuyaendeleza hadi mwaka 378. Majedwali hayo yakafika Ireland, na wasomi wa huko wakaona kinachokosekana: safu yao.

Wakaijenga. Hatua ya kwanza ilikuwa kukusanya majina: majina ya wafalme, ya nyanda, ya maziwa, ya makabila. Hatua ya pili, kumpa kila mfalme miaka ya kutawala. Hatua ya tatu, kujumlisha. Hatua ya nne ndiyo ngumu kuliko zote: kuifunga jumla hiyo kwenye kigingi kisichotikisika, yaani Gharika, au Ibrahimu, au Kutoka Misri. Na jumla isipofika kwenye kigingi, unafanyaje? Unaweka miaka ambayo nchi ilikuwa tupu.

Tazameni hesabu ya Waandishi Wanne, waliokusanya kumbukumbu za miaka ya Ireland kati ya 1632 na 1636. Wanahesabu tangu kuumbwa kwa dunia. Gharika, mwaka 2242. Partholón anafika 2520. Watu wake wanakufa 2820. Nchi inakaa tupu miaka 30, Nemed anafika 2850. Watu wa Nemed wanatawanyika 3066. Nchi inakaa tupu miaka 200, Fir Bolg wanafika 3266. Miaka 37 baadaye, 3303, wanafika Tuatha Dé Danann. Wana wa Míl wanafika 3500. Mmeona? Miaka 200 kamili ya utupu, na mwaka 3500 kamili kwa Wagaeli. Namba za namna hiyo hazitoki kwenye kumbukumbu ya mtu yeyote. Ni namba za meza ya kazi.

Na kazi ya mkono huonekana pale inapokataa kuungana. Kitabu cha Kutwaliwa kinasema Partholón alifika Ibrahimu akiwa na umri wa miaka 60. Vizuri. Lakini Biblia ya Kiebrania inampa Ibrahimu kuzaliwa miaka 292 baada ya Gharika. Kwa Waandishi Wanne, Partholón alifika miaka 278 baada ya Gharika. Toeni wenyewe: Partholón anatua Ireland miaka 14 kabla Ibrahimu hajazaliwa! Ukihama ukatumia Biblia ya Kigiriki, ambayo Eusebius aliitumia, Ibrahimu anazaliwa miaka 942 baada ya Gharika, na kosa linakuwa la mamia ya miaka. Kwa nini? Kwa sababu namba zilichukuliwa kutoka meza mbili tofauti, na mnakili aliyezipokea aliziheshimu zote. Hakuthubutu kufuta. Aliandika "wengine wasema", akaendelea. Ndiyo maana mhariri Macalister, alipokichapisha kitabu hiki kwa juzuu 5 kati ya 1938 na 1956, alilazimika kutenganisha matoleo kadhaa ambayo hayakubaliani hata juu ya nani alikuwa mke wa nani.

Basi twende kwa Cessair.

Cessair ni binti wa Bith, na Bith ni mwana wa Nuhu. Mtasema: Nuhu alikuwa na wana watatu tu, Shemu, Hamu na Yafethi. Kweli kabisa. Bith hayumo katika Biblia. Aliongezwa ili mjukuu wa kike wa Nuhu aweze kuwako na kupanda chombo.

Anakwenda Ireland kwa nini? Nuhu hakumpa Bith nafasi ndani ya safina. Wakatafuta mahali pa kukimbilia, na hoja yao, ndugu zangu, ni ya mwanasheria. Gharika ni adhabu ya dhambi. Basi tutafute nchi ambayo hakuna mtu aliyewahi kukanyaga, nchi isiyo na nyoka wala dubwana, nchi ambayo dhambi haijawahi kutendwa. Nchi isiyo na kosa itaadhibiwa kwa nini?

Wakaondoka na vyombo 3. Viwili vikavunjika na watu wake wakapotea. Waliotua Dún na mBárc, siku 40 kabla ya Gharika, walikuwa wanawake 50 na wanaume 3: Bith baba yake, Ladra nahodha, na Fintan mwana wa Bóchra. Wakagawana wanawake: Bith 17, Fintan 17, Ladra 16. Ladra akanung'unika kwamba amepunjwa. Ladra huyohuyo ndiye mtu wa kwanza kufa Ireland. Kitabu kinatoa sababu mbili za kifo chake: wengine wanasema alizidiwa na wanawake, wengine wanasema mpini wa kasia ulimchoma tako. Wanawake wake wakagawiwa waliobaki, 25 kwa 25. Bith akaenda kaskazini, akafia kwenye mlima ambao hadi leo unabeba jina lake, Sliab Betha. Wanawake wake wakarudi kwa Fintan. Wote 50. Fintan akakimbia! Cessair, aliyefiwa na baba na kuachwa na mume, akafa kwa moyo kuvunjika huko Connacht. Maji yakaja.

Sasa nauliza, na ni swali lililoulizwa tangu zamani: kama wote walikufa kabla au ndani ya Gharika, nani alileta habari? Padri Geoffrey Keating, aliyeandika historia ya Ireland mnamo 1634, aliliuliza waziwazi. Alisema haoni wazee walizipata wapi habari za watu wa kabla ya Gharika, isipokuwa waliambiwa na pepo wa angani, au walizikuta zimechongwa juu ya mawe. Aliisimulia hadithi kwa sababu aliikuta katika vitabu vya kale, na akasema papo hapo kwamba haithibitiki.

Waandishi wa kale walilijua tatizo hilo mapema kuliko Keating. Jibu lao ni Fintan. Aliyekimbia wanawake 50 akajificha Tul Tuinde, maji yakapita juu yake, naye akaishi. Akaishi miaka 5,500 kwa jumla, na masimulizi ya baadaye yanasema aliishi baadhi ya miaka hiyo akiwa samaki, tai na mwewe. Kila palipozuka ugomvi wa mipaka aliitwa Fintan atoe ushahidi. Unaona kazi yake? Hakuachwa hai kwa kuonewa huruma. Aliachwa hai kwa sababu kesi ya ardhi bila shahidi haisimami.

Na Cessair mwenyewe aliwekwa juu ya mwanamke mwingine. Kitabu chenyewe kinakiri kwamba mswada wa zamani zaidi, Cín Dromma Snechtai, uliopotea siku nyingi, ulimtaja mwanamke wa kwanza kwa jina la Banba. Banba ni jina la Ireland yenyewe, ni jina la mungu wa kike wa nchi. Mahali pa mungu wa kike akawekwa mjukuu wa Nuhu. Ndipo safu ya Ireland ikapata kuanza juu kabisa ya jedwali, hata kabla ya Gharika. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa Cessair, na alipoimaliza hakuachiwa mtoto hata mmoja.

Tumfuate Partholón, na hapa tutakaa, maana ndipo penye utajiri.

Jina lake ni Bartholomayo tu, limevaa mavazi ya Kiayalandi. Ameandikwa mapema: kitabu cha Kilatini cha Historia Brittonum, kilichotungwa Wales mnamo 829 au 830, kinasema Partholomus alifika na watu 1,000, wakaongezeka hadi 4,000, kisha tauni ikawaua wote kwa wiki moja. Mistari michache tu. Wasomi wa Ireland wakaichukua mistari hiyo wakaijaza nchi nzima ndani yake.

Anapofika, Ireland ina uwanda 1 tu ulio wazi, maziwa 3 na mito 9. Hayo ndiyo yote. Wakati wake nyanda 4 zinafyekwa na maziwa 7 yanabubujika. Yanabubujikaje? Rudraige mwanawe anakufa, kaburi linachimbwa, maji yanatoka kaburini yanafunika nchi: ni Loch Rudraige. Kifo kimoja, ziwa moja. Mwandishi anayekaa karibu na ziwa lisilo na habari analitafutia maiti, na ziwa linapata tarehe.

Kisha yanakuja mambo ya kwanza. Hebu sikilizeni orodha yake. Ng'ombe 4 wa plau, na majina yao yanatajwa. Wafanyabiashara 2, mmoja alileta dhahabu, mwingine mifugo. Brea alijenga nyumba ya kwanza, akapika kwa sufuria ya kwanza, akapigana pambano la kwanza la mtu na mtu. Malaliach alipika pombe ya kwanza, ya kangaga, naye alikuwa mtu wa kwanza kumwekea mwenzake dhamana. Ikajengwa nyumba ya kwanza ya wageni. Kwa nini dhamana iwe pamoja na pombe, na nyumba ya wageni pamoja na plau? Kwa sababu huo ndio msingi wa sheria ya kale ya Ireland: ukarimu ni wajibu wenye adhabu, na hakuna mkataba usio na mdhamini. Mtu wa karne ya 11 aliyesoma orodha hii aliona desturi zake zote zina mwanzo, na mwanzo wake ni wa zamani za Ibrahimu.

Hadithi inayobeba haya yote ni ya Delgnat, mke wa Partholón. Mume alitoka kwenda shambani na uvuvini, akamwacha mke kisiwani pamoja na mtumishi aitwaye Topa. Delgnat akamtaka Topa, Topa akaogopa, mwishowe akakubali. Kiu ikawashika. Palikuwa na pombe ya Partholón, ambayo hainywewi ila kwa mrija wa dhahabu wa Partholón. Wakanywa. Mume akarudi, akaomba kinywaji, akaweka mrija mdomoni, akaionja ladha ya kinywa cha Delgnat na ladha ya kinywa cha Topa. Akajua. Kwa hasira akampiga mbwa wa mkewe, Saimer, akamwua. Kisiwa hicho, kwenye mlango wa mto Erne, kinaitwa Inis Saimer hadi leo.

Je, Delgnat alipiga magoti akaomba msamaha? Hapana. Alimgeukia mumewe akamjibu kwa shairi. Mwanamke na asali, paka na maziwa, mtoto na nyama, fundi na chombo chenye makali: ukiwaacha wawili hao peke yao, kosa ni la nani? Ni la aliyewaacha. Anayestahili kulipwa ni mimi. Na kitabu kinasema hiyo ndiyo hukumu ya kwanza iliyotolewa Ireland, haki ya mke juu ya Partholón ikawa msemo. Fikirini: hukumu ya kwanza ya nchi ile, katika kitabu kilichonakiliwa na watawa, ni mwanamke anashinda dhidi ya mume kwa hoja ya uzembe wa mwenye mali. Wanasheria waliohitaji mfano wa kale wa kesi walijitungia, wakauandika vizuri, na mtunzi wake alimsikiliza Delgnat hadi mwisho. Ndiyo maana naipenda sehemu hii kuliko zote.

Halafu wanakufa wote. Tauni inaingia Jumatatu, tarehe 1 Mei, na kati ya Jumatatu mbili wamekufa wanaume 5,000 na wanawake 4,000. Jumla 9,000, juu ya uwanda uleule wa kale, Sen Mag, karibu na Dublin ya leo. Mtaa wa Tallaght, ambao sasa unakaliwa na makumi ya maelfu ya watu, unabeba jina la kaburi lao.

Kwa nini wafe wote? Kama Partholón amejenga nyumba, sheria, pombe na plau, kwa nini asiachiwe hata kitukuu? Jibu liko mahakamani. Mtu akisema "babu yangu alifyeka uwanda huu kabla ya babu yako", kesi inaanza. Partholón alifyeka nyanda 4. Angekuwa na wazao, wangekuwa na dai la kale kuliko dai la mfalme yeyote wa Kigaeli. Tauni ya wiki moja inafuta dai hilo. Sheria inabaki, maziwa yanabaki, majina yanabaki, mrithi hayupo. Wafu hawadai ardhi.

Anabaki mmoja tu, Tuan, naye ni shahidi kama Fintan. Anazeeka peke yake porini. Nemed anapofika, Tuan amekuwa kulungu dume. Wanapofika Fir Bolg, ni nguruwe mwitu. Kisha ndege mla nyama, kisha samaki wa samoni. Akavuliwa, akaokwa, akaliwa na mke wa mfalme Cairell, akazaliwa upya tumboni mwake, akakua, akamsimulia yote Finnian wa Moville, mtakatifu wa karne ya 6. Ona jinsi mnyororo ulivyofungwa: kutoka tauni ya Partholón hadi kalamu ya Mkristo bila kiungo kukatika.

Nemed ndiye bawaba ya mlango wote. Aliondoka Skithia na meli 44, akatangatanga mwaka 1 na nusu baharini, ikafika 1. Nyanda 12 zilifyekwa zamani zake. Mkewe Macha alikufa siku ya 12 tangu kutua, na uwanda wake ndio uliotoa jina la Ard Macha, yaani Armagh, mji mkuu wa kanisa la Ireland. Wafomori wanne, watu wa baharini, walimjengea ngome ya Ráth Chinn Eich kwa siku moja. Kabla hakujakucha aliwaua, wasije wakaichimba vizuri zaidi. Kitabu hakimsifu wala hakimlaumu kwa hilo.

Yeye mwenyewe tauni ikamchukua, na baada yake Wafomori wakageuka mabwana. Kila usiku wa Samhain, tunapoingia Novemba, watu wa Nemed walitakiwa wapeleke Mag Cétne theluthi 2 za nafaka, theluthi 2 za maziwa, na theluthi 2 za watoto wao. Watoto, ndugu zangu. Wakainuka. Watu 60,000 wakaushambulia mnara wa Conand, mkuu wa Wafomori, kisiwani, 30,000 kwa bahari na 30,000 kwa nchi kavu. Mnara ukaanguka. Lakini walipokuwa wangali wakipigana na meli nyingine za Wafomori, hakuna aliyetazama maji. Bahari ikapanda ikawafunika wote, na ikatoka meli 1 yenye watu 30.

Watu 30, meli 1, mnara baharini. Rudini Historia Brittonum ya 829. Huko, mnara ni wa kioo, na wanaoushambulia ni wana wa Askari wa Hispania, yaani Wagaeli wenyewe, kwa meli 30. Inaokoka 1 iliyokuwa imevunjika, yenye wanaume 30 na wanawake 30, na hao ndio wanaoijaza Ireland. Miaka 200 baadaye kisa kimehamishwa kutoka kwa Wagaeli hadi kwa Nemed. Kwa nini kihamishwe? Kwa sababu kufikia karne ya 11 Wagaeli walikuwa wafalme wenye nasaba ndefu, na haikufaa tena babu zao wawe manusura wa meli mbovu. Wao wakapewa safari nyingine, ya kutoka Hispania, kwenye mnara wa Breogán ambako Íth aliiona Ireland jioni moja ya baridi. Mnara huo nao haukutoka hewani: Orosius, mwandishi wa karne ya 5, alishaandika juu ya mnara mrefu wa taa huko Brigantia, A Coruña ya leo, unaotazama Uingereza. Mnara huo wa Kirumi ungalipo.

Sasa wale 30. Hapa hawakuwaua. Wakawagawa makundi matatu. Semeon akaenda Ugiriki, na wazao wake wakawekwa utumwani, wakibebeshwa udongo kwa mifuko ili kufunika majabali yawe mashamba. Siku moja wakaigeuza mifuko kuwa mashua, wakarudi. Hao ndio Fir Bolg. Iobath akaenda kaskazini ya dunia. Wazao wake ndio Tuatha Dé Danann. Fergus Upande-Mwekundu na mwanawe Britan wakaenda Uingereza. Wazao wao ndio Wabritoni. Kwa hiyo kila adui na kila jirani wa Wagaeli ni mzao wa Nemed.

Fir Bolg walikaa miaka 37 tu, lakini waliigawa nchi mikoa 5 kwa ndugu 5, na mgawo huo haukusahaulika. Na hawakufutwa. Mbona hawakufutwa? Kwa sababu walikuwako! Majina Fir Domnann na Gailióin, yanayotajwa pamoja nao, ni majina ya makabila halisi, moja likihusishwa na Connacht na jingine na Leinster. Makabila haya yalilipa kodi kwa wafalme wa Kigaeli. Huwezi kuua kwa tauni watu wanaokuletea ng'ombe kila mwaka. Basi wakapewa babu aliyeshindwa. Partholón asiye na mzao anasema ardhi haina mwenyewe wa kale. Fir Bolg wenye wazao wanasema mlipa kodi alikuwa mtumwa tangu Ugiriki.

Msidhani hayo yaliishia kwenye ngozi za ndama za zama za kati. Mwaka 1650, huko Galway, Dubhaltach Mac Fhirbhisigh, msomi mkubwa wa mwisho katika ukoo wa waandishi wa urithi, alikuwa akikamilisha kitabu chake cha nasaba. Ndani yake alinakili, kutoka kitabu cha zamani, kanuni ya kuwatambua watu: mwenye ngozi nyeupe, jasiri, mkarimu, ni mzao wa wana wa Míl, mwenye nywele nyeusi, mmbea, mwongo, mnyimivu, mwizi, mzururaji, ni mzao wa Fir Bolg, Gailióin na Fir Domnann. Hebu isikilizeni tena hiyo orodha. Ni ya mwenye shamba akimsema mpangaji wake. Hadithi ya mifuko ya udongo ilikuwa imekuwa hoja ya kumdharau jirani, zaidi ya miaka 500 baada ya kuandikwa.

Lakini kitabu kilekile cha Kutwaliwa kina nasaba, na nasaba zimeandikwa jina kwa jina. Fir Bolg ni wa Semeon, Semeon ni wa Nemed, Nemed ni wa Magogu, na Magogu ni mwana wa Yafethi mwana wa Nuhu. Wagaeli je? Ni wa Míl, na Míl ni wa Goídel, na Goídel ni wa Fénius Farsaid, yule msomi aliyekwenda Babeli kwenye mnara. Fénius ni mwana wa Baath, na Baath, kwa nasaba iliyopokewa na wengi wa wanakili hao, ni mwana wa Magogu. Bwana aliyepokea kodi na mkulima aliyeileta wana babu mmoja. Wanakili walilijua hilo, maana waliyaandika majina yote mawili kwa mkono wao, na hakuna aliyeufuta mstari huo.

Asanteni sana. Karibuni kwa maswali.